Kioo cha gari kinapolia: tuanze na sabuni, si na garaji



Majirani wetu wa Panzi wanaijua sauti ya gari letu. Si sauti ya injini, ni sauti ya kioo. Kila asubuhi ya masomo, mbele ya saa moja, nilikuwa ninashusha kioo cha upande wangu ili nimkumbushe mtoto mkubwa afunge vizuri mlango wa parseli, na kioo kinalia kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Jirani yangu, mama muuza sambaza, aliniambia siku moja: "Mama Mwalimu, mimi sina haja ya saa. Kioo chako kikilia, ninajua nimechelewa kwenda kupokea samaki." Tulicheka wote wawili. Lakini mimi nilicheka nusu, sababu garaji walikuwa wameniomba dola 70 kwa kioo hicho, na dola 70 nilizokuwa nazo zilikuwa za masomo ya mkubwa wangu, aliye sekondari.

Gari lenyewe ni Toyota ya zamani iliyotoka Japani, volani mkono wa kuume kama magari mengi ya hapa Bukavu. Tulilinunua kwa mkopo wa kikundi cha AVEC na kwa kidogo kilichobaki kwenye mshahara wa bwana yangu, na deni lile tulililipa kwa miaka miwili. Linabeba watoto wetu na wa majirani kwenda masomo, na siku ya posho linabeba mifuko ya maharagi na nyanya za wamama wa kikundi kutoka soko la Kadutu. Basi mtu asiseme kioo cha gari ni habari ya matajiri. Kioo kisipopanda, mvua ya Bukavu inaingia mpaka kwenye madaftari. Kisiposhuka, watoto sita wanapumua hewa moja. Na kikibaki katikati, huwezi kuacha gari popote, sababu mkono wa mwizi hautafuti nafasi kubwa.

Mara ya kwanza kioo kilipoanza kulia nilifanya kama tunavyofanya wengi wetu: nilienda garaji, nikasimama pembeni na mkoba wangu, nikangoja waniambie nitoe ngapi. Kijana mmoja alichukua mafuta ya injini, yale meusi yaliyokwisha kutumika, akayamimina ndani ya mpira kioo kinamopita. Nilitoa dola 10. Kwa siku nane au kumi kioo kilinyamaza kabisa, nikamsifu yule kijana mbele ya bwana yangu. Halafu kiangazi kikaingia. Vumbi jekundu la barabara likaja likanasa kwenye yale mafuta, na kioo kikaanza kulia kuliko mbele, tena kikawa kinapanda polepole kama mzee anayepanda mlima wa Kadutu na mzigo.

Niliporudi, hawakusema tena habari ya mafuta. "Mama, moteri ya kioo imekwisha kufa. Ni dola 70, na kazi ya mkono pembeni." Nikauliza: "Mumefungua mlango mukaiona?" Wakajibu: "Hapana, mama, tunaisikia tu." Nikawaambia nitarudi. Sikurudi.

Kwa kuwa sikurudi, nilianza desturi mbaya. Nilikuwa ninakisaidia kioo: mkono mmoja kwenye kitufe, mkono mwingine unasukuma kioo juu. Vioo vya nyuma navyo vilikuwa vimeanza kulia, na mtoto wangu wa mwisho, wa miaka minne, anayekaa nyuma, alikuwa ananitazama. Siku moja, mbele ya mlango wa masomo, mvua ikaanza. Nikafunga kioo cha nyuma kwa kitufe kilicho kwangu, kwenye mlango wa shofere, bila kugeuka. Mtoto alikuwa ameweka vidole juu ya kioo ili akisaidie kupanda, kama mama yake. Kioo kililia, na mtoto akalia, na kwa nukta moja au mbili sikutofautisha sauti ya kioo na sauti ya mtoto.

Hapo ndipo ninapotaka mama yeyote asome polepole. Magari ya karibuni mengine yana kioo kinachorudi chini chenyewe kikigusa kitu. Magari ya zamani kama letu hayana. Moteri ya kioo inasukuma mpaka mwisho, haijui kidole wala tawi la mti. Tulienda lopitali, na kwa neema mfupa haukuvunjika. Ukucha ulianguka nyuma ya majuma machache, na sasa umeota mwingine. Tangu siku ile, kile kitufe kidogo cha kufunga vioo vya nyuma, kilicho pamoja na vitufe vingine kwenye mlango wa shofere, ninakifinya mbele ya kuwasha gari. Kikifinywa, mtoto wa nyuma hawezi kucheza na kioo chake. Wamama wengi wanaoendesha hawajui kazi yake. Mimi pia sikujua. Lakini hata hicho hakinizuii mimi mwenyewe kufunga kioo vibaya, na kwa hiyo kuna sheria ya pili: ninageuka, ninatazama mikono yote, ndipo ninafunga.

Basi kulia kwa kioo kulikuwa kumekuwa jambo la lazima kwangu, na jibu lilinikuta darasani. Nilikuwa ninaandika hesabu ubaoni, chaki ikapiga yowe, watoto 52 wakaziba masikio. Kila mwalimu anajua dawa yake: unavunja chaki vipande viwili, ama unageuza namna ya kuishika, ama unapangusa ubao. Hakuna mwalimu anayenunua ubao mpya sababu chaki imelia. Chaki inalia kwa sababu inashika ubao, inaachilia, inashika tena, inaachilia tena, mara nyingi sana ndani ya nukta moja, na huko kutetemeka ndiko tunakosikia. Kioo cha gari kinafanya vilevile ndani ya mpira mkavu au mchafu. Kinashika, kinaachilia. Moteri haina neno. (Diploma yangu ya ISP ni ya ualimu, si ya garaji, lakini hapo ilinisaidia.)

Jioni ile nilifanya kipimo cha mwalimu. Nilihesabu. Kioo cha mkono wa kushoto, kilicho kizima, kilipanda kutoka chini mpaka juu kwa hesabu ya nne. Cha kwangu kilifika kwa hesabu ya tisa. Moteri iliyokufa haipandishi kioo kwa hesabu ya tisa, haipandishi kabisa. Yangu ilikuwa hai, ila ilikuwa inavuta kioo ndani ya matope.

Sasa tutazame mlango. Fungua mlango wa gari, shusha kioo mpaka chini, na utaona mipira ya namna tatu. Wa kwanza umezunguka dirisha pande mbili na juu, wenye mfereji katikati kama herufi U. Humo ndimo kioo kinamopita, na ndani yake kuna manyoya mafupi kama ya kitambaa laini cha viti vya zamani. Wa pili uko chini ya dirisha, pale kioo kinapozama mlangoni: ni midomo miwili, mmoja nje na mmoja ndani, inayolamba kioo kinapopita. Wa tatu ni ule mnene unaozunguka mlango mzima, unaozuia mvua na upepo. Kioo kinacholia kikipanda na kushuka, mara nyingi ni habari ya mpira wa kwanza na wa pili. Kinachopiga mluzi gari likienda mbio, ni habari ya wa tatu.

Kwa kuosha nilitumia vitu vya nyumbani: ndoo ya maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kikwembe cha pamba kilichochakaa, mswaki wa zamani, na rula yangu ya darasani. Kikwembe cha zamani ni kizuri kuliko kitambaa kipya, sababu hakiachi nyuzi. Nilikifunga kwenye rula, nikachovya, nikakamua, nikapitisha ndani ya mfereji toka juu mpaka chini. Kilitoka cheusi kama kitambaa cha kupangusia mbabula. Nilisuuza, nikarudia. Mara ya tatu kilikuwa bado cheusi, mara ya sita kikawa rangi ya chai, mara ya nane kikatoka safi. Kwenye kona za juu, mahali mfereji unapogeuka, rula haiingii. Hapo ni kazi ya mswaki, na hapo ndipo nilipotoa mchanga mwingi kuliko mahali popote.

Ile midomo ya chini inaoshwa kwa subira. Funga kikwembe chenye unyevu kwenye kadi ngumu ya plastiki, kama kadi ya zamani ya simu, upitishe taratibu kati ya mdomo na kioo. Usitumie kisu wala turnevisi. Chuma kinakwaruza kioo na kupasua mpira, na mpira uliopasuka ndio utakaokupeleka garaji kwa kweli. Kisha pandisha kioo na kukiosha pande zote mbili, na ule ukingo wake wa juu ambao hakuna anayeukumbuka. Kioo cha mlango ni chembamba, milimita 3 hadi 5, na kimechomwa kiwandani kwa namna ambayo kikivunjika kinakuwa punje ndogondogo badala ya visu. Hiyo ni kwa usalama wetu. Lakini ukingo wake ndio udhaifu wake: ukiupiga kwa chuma unaweza kukipoteza kioo chote mara moja.

Mama mmoja aliniuliza kama maji hayataharibu mlango. Kidogo hayana shida, kwani mvua inaingia humo kila siku. Chini kabisa ya mlango, kwenye ukingo, kuna matundu madogo ya kutoa maji. Yatafute, uyazibue kwa kijiti. Yakizibwa na udongo, maji yanabaki ndani, mlango unaoza kwa kutu, na ukifunga mlango unasikia "chwa" kama mtungi. Hiyo nayo ni kelele ya mlango inayodhaniwa kuwa ni ya kioo.

Kwa upande wangu sabuni peke yake ilikuwa na kazi ngumu kwa sababu ya yale mafuta ya injini. Bwana yangu alishauri tuyatoe kwa petroli. Nilikataa, na nilifanya vema: petroli inaudhuru mpira, na parseli yetu haikosi moto wa mbabula. Tuliosha kwa sabuni siku mbili zilizofuatana, tukaacha milango wazi kivulini ikauke vizuri. Usipake kitu chochote juu ya mpira wenye maji.

Nyuma ya kukausha ndipo kunakuja kupaka, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mafuta ya injini, grisi ya magurudumu, mawese, mafuta ya taa, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza buloni zenye kutu: vyote hivyo viache. Yale yanayotoka kwenye petroli yanavimbisha mpira na kuulainisha mpaka unaharibika, na yote kwa jumla yanakusanya vumbi, kama nilivyoona mimi. Kinachofaa ni silikoni ya kupuliza, inayouzwa katika chupa ya bati kwenye butiki za vipuri. Soma jina juu ya chupa, uhakikishe imeandikwa silikoni, sababu chupa hizo zinafanana. Yangu niliinunua dola 5, na nusu yake ingalipo.

Puliza kidogo ndani ya mfereji kwa ule mrija mwembamba, ama puliza kwenye kikwembe na kupitisha. Kidogo ni kidogo. Halafu, injini ikiwa inawaka ili batri isichoke, shusha na kupandisha kioo mara tano au sita, na kupangusa kioo. Ukipanda na kushuka mara nyingi sana, moteri inaweza kusimama ghafula. Usishtuke. Moteri nyingi zina kinga inayozizima zikipata moto sana. Ziache zipumzike robo saa.

Silikoni isifike kwenye kioo cha mbele. Ikifika, siku ya mvua taa za magari yanayokuja zitakutawanyikia machoni kama mafuta juu ya maji. Isifike pia kwenye pedali wala chini ya miguu, maana inateleza. Na chupa ile ina gesi inayowaka, basi usiipulize karibu na mbabula au na mtu anayevuta sigara.

Kama silikoni haipatikani kwako, poda ya mtoto, ile ya talki, inaweza kusaidia mpira mkavu wa mlango kwa siku chache, na gliserini ya farmasi, ile tunayopaka mikononi, haiudhuru mpira. Lakini gliserini inanata. Ninaipaka kwenye mpira mnene wa mlango tu, kidogo sana, na kuipangusa. Ndani ya mfereji sitaiweka, kwa sababu ya vumbi letu.

Kioo changu kililia mara mbili nyuma ya kazi hiyo, kwa sauti ndogo, halafu kikanyamaza. Nilihesabu: hesabu ya tano. Mwezi wa pili sasa. Mama muuza sambaza amechelewa kupokea samaki mara mbili na ananilaumu mimi.

Si kila kelele inaponywa na sabuni, na mama asipoteze siku yake akiosha kitu ambacho kimevunjika. Tofauti inasikika. Kioo kinacholia "kwiii" na kupanda sawasawa, kioshe. Kioo kinachosema "kaka-kaka" gari likipita kwenye mashimo, kimelegea mahali. Kifunge, kisha kitikise kwa kiganja ndani na nje. Kama kinacheza, ama mpira wa mfereji umekwisha, ama buloni za ndani zimelegea. Kama hakichezi, piga mlango kwa ngumi polepole na usikilize: pengine kitu kimeangukia ndani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la mama mmoja wa kikundi chetu. Tulifungua mlango wake pamoja, yeye, mimi na kijana wa dada yangu. Tulipandisha kioo mpaka juu na kukishika kwa utepe wa kunata kwenye fremu kisije kikaanguka, tukatoa waya wa batri wa upande wa kutoa, tukapiga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu. Skrubu zimejificha nyuma ya mkono wa kufungulia na chini ya pale tunapoegemeza kiwiko, zimefunikwa kwa vifuniko vidogo. Nyuma ya hapo bamba la mlango linashikwa na vibanio vya plastiki tu, linavutwa kwa mikono kuanzia chini. Ndani kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa: msiipasue wala kuitupa, ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie kwenye viti. Tulikuta biki mbili, kibanio cha nywele, na buloni mbili zilizolegea. Tulizikaza kwa ufunguo wa 10. Kazi ya saa moja na nusu, na nusu ya wakati huo tulikuwa tunatafuta skrubu moja iliyoanguka kwenye majani. Kama mlango wako una maandishi ya AIRBAG, usiufungue, mpelekee fundi. Na mkono usiingie kati ya kioo na vyuma vinavyokiinua wakati batri imefungwa.

Kioo kinachosema "krrr" na hakipandi, ama kinapanda kwa kuinama upande mmoja, ama kinaanguka chini kwa ghafula: hapo meno au kamba ya chuma ndani imekatika. Acha kufinya kitufe mara moja, maana kila ukifinya unaongeza uharibifu na unaweza kuunguza moteri iliyokuwa nzima. Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi mzuri anastahili pesa yake. Ila sasa utamwendea na maneno: "Nimeosha mpira, nimepaka silikoni, kioo kinainama mbele, fungua tuone pamoja." Niliwahi kusema hivyo kwa ajili ya gari la wifi yangu. Fundi, mwingine si yule wa kwanza, alinitazama, akavuta kiti, akaniambia, "Kaa hapa, Madamu, uone." Akafungua mlango mbele yangu. Moteri ilikuwa nzima. Kilichovunjika kilikuwa kipande cha plastiki kama kidole gumba.

Upepo unaopiga mluzi ni wa mwisho. Mjini hautausikia, na mashimo yetu nani atakwenda mbio? Lakini ukitoka kuelekea Kavumu, hapo barabara inaporuhusu, unaweza kuusikia. Chukua noti ya franga 500, uweke kati ya mpira mnene na fremu, funga mlango, uivute. Ikitoka kwa kukazana, mpira ni mzima mahali pale. Ikitoka bure, upepo unapita hapo, na maji pia. Zunguka mlango mzima namna hiyo. Mara nyingine mpira umetoka tu kwenye ukingo wake, unaurudisha kwa vidole. Mara nyingine umelala kwa uzee, ni wa kubadilisha. Na kama gari lako lina zile plastiki nyeusi za kuzuia mvua juu ya vioo, zitikise kwanza. Utepe wake unakufa kwa jua, na zinapiga filimbi mbaya kuliko mlango wenyewe.

Siku ya posho hii, saa tatu ya asubuhi, tutaosha vioo vya magari matatu kwenye parseli yetu, mbele ya kwenda Kadutu. Mama anayependa kuja alete ndoo, mswaki wa zamani na kipande cha kikwembe. Hata asiye na gari aje, kwani bwana yake au kaka yake analo. Silikoni ninayo. Watoto wadogo wabaki nyumbani, ama wakae na mkubwa wangu chini ya mwembe, mbali na milango.